Daftari la kuchelewa limenisuta

Mhariri,

Juzi asubuhi kwenye matatu, watangazaji wawili wa redio walikuwa wakiigiza watu wa kaunti mbalimbali. Wa Pwani amelala chini ya mwembe, wa Magharibi anafungua geti, wa Ukambani anatafuta mganga. Gari zima likacheka. Nami nikacheka, japo natoka Kitui na tangu nije Nairobi nimeulizwa mara nyingi, nusu utani, kama nimebeba dawa.

Ila kicheko kilinikauka mdomoni nilipokumbuka mambo ya karakana yangu. Nina cherehani nne hapa Kariobangi, tunashona sare za shule. Mwaka jana niliajiri kijana wa Kilifi. Wiki ya pili akachelewa nusu saa, na neno likanitoka mbele ya wenzake: "Ah, Pwani hiyo." Januari kazi ilipobana nikaweka daftari mlangoni, kila mtu aandike saa anayoingia. Kufikia mwisho wa Machi kijana huyo alikuwa amechelewa mara mbili, na pembeni ya mojawapo ameandika kwa mwandiko wake mdogo: "Gikomba, vifungo." Mimi ndiye niliyemtuma soko hilo. Binti wa dada yangu, ambaye tumetoka kijiji kimoja, alichelewa mara 11. Lakini yeye kila akichelewa sababu nilikuwa nayo tayari: foleni ya Outering, mvua, mtoto. Sikuwahi kusema "Ukambani hiyo."

Mwanangu aliye chuoni akanisimulia jaribio la 1976 la wanasaikolojia David Hamilton na Robert Gifford. Waliwapa watu sentensi za kusoma kuhusu makundi mawili ya kubuni, A na B. Kundi A lilikuwa na matendo mema 18 na mabaya 8, kundi B mema 9 na mabaya 4. Piga hesabu, uwiano ni uleule. Hata hivyo wasomaji waliamini B ndilo lenye ubaya zaidi. Kundi dogo hukutwa mara chache, ubaya nao hukutwa mara chache, na vitu viwili vya nadra vikikutana hukaa kichwani, akili ikavifunga pamoja. Hakuna aliyekuwa na kinyongo na herufi B. Karakanani kwangu, Pwani nzima ilikuwa mtu mmoja.

Mengine tumerithi. Waingereza waliandikisha Wakamba kwa wingi katika jeshi lao la kikoloni, King's African Rifles, wakituita jamii ya kivita, na hadi leo kuna wazee kwetu wanaoamini tulizaliwa hivyo. Kaskazini wao waliifunga: sheria ya 1902 iliwapa uwezo wa kuzuia watu kuingia huko bila kibali. Uhuru ulipopatikana, Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 ukasema fedha za maendeleo ziende kwanza penye rutuba na mvua. Si ajabu mtu wa Marsabit au Wajir akipanda basi la Nairobi bado utamsikia akisema anakwenda "Kenya". Nasi huku, wengi wetu ambao hatujawahi kuvuka Isiolo, tunawajua kwa ukame na mashambulizi tu, kwa sababu hayo ndiyo tunayosomewa.

Hapo ndipo ninapokuja kwako. Mwizi wa Nairobi akikamatwa, magazeti yetu humwita "mshukiwa", basi. Akiwa wa Garissa, kaunti hupanda hadi kwenye kichwa cha habari. Najua hakuna anayekaa chini kupanga hivyo, kama ambavyo mimi sikupanga. Ninachoomba ni kidogo: chukueni matoleo ya miezi mitatu iliyopita, mhesabu ni mara ngapi kaunti ya mshukiwa imetajwa na ni kaunti zipi, kisha mtuchapishie hesabu hiyo hata kama haitawapendeza. Kijana wa Kilifi nimeshamwomba radhi, na daftari bado liko mlangoni.

Mshona sare,
Kariobangi, Nairobi