Asanteni nyote mliokuja kumkumbuka Daktari, Baba yetu

Ndugu, majirani na marafiki wote wa Baba, asanteni sana, alakara nooi. Sisi tulipanga watu kama mia hivi pale Lodwar, mkaja mpaka tukaazima viti vya kanisa na bado wengine wakakaa chini ya mti, na hakuna aliyeondoka bila kula. Wamama mliokesha na masufuria, kwaya, madereva mliotoa wazee Kakuma na Lokichoggio na barabara ile mnaijua, na nyinyi mlio mbali mkatuma M-Pesa, mkono wa kila mtu tumeuona.

Vijana wengi mliuliza mbona wazee walikuwa wanaongea habari za mbwa kwa ukumbusho wa daktari. Ni hivi, miaka ya 80 Turkana ilikuwa kati ya sehemu zilizoongoza duniani kwa haidatidi, ule ugonjwa wa mnyoo wa mbwa, yaani mbwa anakula maini mabichi ya mbuzi mgonjwa, mayai yanatoka na kinyesi, mtoto anayecheza na mbwa anayameza, halafu miaka inapita ndio unaona tumbo limevimba na kumbe ni kifuko cha maji kwenye ini. Baba alikuwa na timu ya AMREF, lile shirika la afya, wanazunguka manyatta na ultrasaundi ya kuwashwa na jenereta, watu wanapimwa hapo hapo kivulini na mbwa wanapewa dawa yao. Hata sisi nyumbani mbuzi akichinjwa hatukuruhusiwa kumtupia mbwa maini, alichimba shimo mwenyewe.

Kuna mama mmoja tutamkumbuka daima. Alitembea na fimbo toka kando ya mto Turkwel, akashika mkono wa Mama akauweka kwa kovu lake, hapa chini ya mbavu za kulia, akanyamaza kitambo kisha akasema tu, mzee wako ndiye aliniona. Mama alilia, sisi sote tulilia.

Michango iliyobaki tumekubaliana inunue tangi la maji la ile dispensari alikoanzia kazi, mweka hazina atasoma hesabu kwa grupu na risiti zote ziko.

Ombi moja tu limebaki. Picha ya Baba akiwa kazini tuko nayo moja, amechuchumaa ameshika mbwa na uso hauonekani vizuri. Mwenye nyingine, hata kama imechanika, tafadhali mpelekee kifungua mimba wetu, ataipiga kopi na kukurudishia.