Mafundi, mipira ya kubebea injini si kitu cha kubahatisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niwafikishie mafundi na wamiliki wenzangu wa magari ya zamani jambo lililonigharimu fedha nyingi na nusura linigharimu maisha, nalo ni namna tunavyofunga mauntingi, yaani ile mipira inayobeba injini juu ya chesisi, pale tunapotoa injini ya asili na kuweka nyingine.

Gari langu ni Land Rover Series III niliyoachiwa na marehemu baba. Injini yake ya petroli ya lita 2.25 ilipochoka, nilifanya kama wengi: nikanunua injini ya dizeli ya Isuzu ya lita 2.8, iliyokwisha kutumika, nikamkabidhi fundi. Kazi ya kuiunganisha na giaboksi ya Land Rover aliifanya vizuri, wala simlaumu kwa hilo. Tatizo lilikuwa chini yake. Injini ilikuja bila mauntingi zake, kwa hiyo kila upande wa chesisi kukachomelewa bamba la chuma, na kati ya chuma na chuma kukapachikwa kipande cha tairi kuukuu kilichokatwa kwa kisu na kutobolewa tundu la bolti. Siku ilipowashwa, kikombe cha chai kilichowekwa juu ya madigadi kilisogea chenyewe taratibu hadi kikaanguka. Nikaambiwa kuwa dizeli ndivyo zilivyo na kwamba itatulia.

Haikutulia. Injini ya silinda nne inayozunguka mara 750 kwa dakika, gari likiwa limesimama, huchoma mafuta mara 25 kila sekunde, na kila mchomo ni pigo ambalo mpira unapaswa kulimeza kabla halijafika kwenye chesisi. Mpira wa tairi una nyuzi ndani yake na ni mgumu mno kwa kazi hiyo. Katika miezi michache rejeta ilianza kuvuja kwenye maungio, bomba la moshi likapasuka shingoni, na ufa mwembamba kama unywele ukajitokeza pembeni mwa bamba lililochomelewa.

Siku ya siku ilikuwa katika mlima Kitonga, gari likiwa na mahindi, nyuma ya lori lililokuwa limesimama. Nilipoachia klachi katika gia ya kwanza nilisikia mlio mkubwa, injini ikainuka upande mmoja, ikavuta vyuma vinavyounganisha pedali ya mafuta na injini, na gari likaruka mbele bila mguu wangu kugusa pedali. Nilikanyaga klachi na breki kwa pamoja, tukasimama hatua chache kutoka kwenye bodi ya lile lori.

Baadaye nilijifunza kuwa jambo hili lina historia. Mnamo Desemba 1971 kampuni ya General Motors ya Marekani iliyaita takriban magari milioni 6.7 ya Chevrolet kwa sababu hiyo hiyo: mpira ukikatika, injini iliweza kuinuka na kuvuta mafuta yafunguke bila dereva kukanyaga pedali. Dawa yao ilikuwa kufunga kamba ya chuma ya kuizuia injini isiinuke. Ikiwa magari yaliyotoka kiwandani yalihitaji kinga hiyo, yetu yanayobadilishwa injini chini ya mwembe yanaihitaji zaidi.

Wengi hudhani mauntingi hubeba uzito tu. Kwa kuwa injini na giaboksi zimefungwa pamoja kuwa kitu kimoja, mipira yake hupokea nguvu ya msokoto ikiwa tayari imeongezwa na gia. Katika Series III gia ya kwanza huizidisha zaidi ya mara tatu na nusu, na ukiingiza gia ya nguvu ya matopeni, msokoto wote hufika zaidi ya mara nane ya ule unaotoka kwenye injini. Ndiyo maana mauntingi hukatika mlimani na kwenye matope, si kwenye lami tambarare. Mpira wa kweli, ulioshikamanishwa na bamba za chuma kiwandani, huvumilia sana kukandamizwa lakini hauna nguvu ya kuvutwa, na ndiyo sababu viwanda vingi huulaza kwa mshazari. Oili na dizeli zikiudondokea huulainisha hadi uoze, kwa hiyo pampu inayovuja juu yake isiachwe hivyo hata wiki moja.

Nawasihi wenzangu wanaonunua injini wakatae kuichukua bila mauntingi na vishikizo vyake, hata kama muuzaji atapunguza bei. Kabla ya kuchomelea, injini ining'inizwe kwa cheni, ifungwe na giaboksi, kisha fundi apime kwamba uso wa giaboksi unaofungwa propela shafti, yaani chuma kirefu kinachopeleka mzunguko kwenye magurudumu, uko sambamba na ule wa difu iliyo katikati ya ekseli, kwa maana ukipinda, mtikisiko mwingine utaanza ambao hakuna mpira utakaouondoa. Achungulie pia nafasi iliyopo kati ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na ekseli ya mbele, akikumbuka kuwa springi zitashuka gari likipakia. Waya wa kuunganisha injini na chesisi usisahaulike, kwani mpira haupitishi umeme, na stata itatafuta njia nyingine, pengine kupitia kebo ya pedali ya mafuta.

Kwa wakaguzi wa magari ninalo ombi moja: wanapoitazama namba ya injini iliyobadilishwa, wainame pia watazame kilichoibeba.

Gari langu sasa lina mauntingi za Isuzu zenyewe, vishikizo vipya vilivyopimwa kwa siku mbili kabla ya kuchomelewa, na mnyororo mfupi unaoizuia injini isiinuke zaidi ya vidole viwili. Vipimo vyote nimevichora kwenye daftari, na fundi yeyote wa Iringa atakayevihitaji nitampa bila malipo.

Mmiliki wa Land Rover,
Iringa