Kwa jamaa na marafiki wa aliyetoka wodi ya akili

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mlio karibu na mtu aliyerudi nyumbani kutoka wodi ya wagonjwa wa akili. Kazi kubwa ya kumuuguza sasa iko mikononi mwenu.

Wiki ya kwanza mtajaa sebuleni. Baada ya mwezi simu zitapungua, na kundi la WhatsApp litabaki na “pole” za hapa na pale. Hapo ndipo nawasihi msimwache. Mwaka 1978, George Brown na Tirril Harris walichapisha utafiti kuhusu wanawake wa Camberwell, London: waliopatwa na pigo zito bila kuwa na mtu wa kumweleza ya moyoni walipata sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, zaidi kuliko waliokuwa naye. Marafiki mia tano wa mtandaoni hawachukui nafasi ya huyo mmoja, ingawa sikatai kwamba ujumbe wa usiku wa manane umewahi kumwokoa mtu.

Lakini ukaribu nao unaweza kuumiza. Brown huyohuyo na wenzake walionyesha mwaka 1972 kwamba wagonjwa wa skizofrenia, maradhi ya akili yanayomfanya mtu asikie sauti au aamini mambo yasiyokuwepo, waliorudi kwenye nyumba zenye lawama na ukali walizidiwa tena mara nyingi zaidi kuliko waliorudi penye utulivu. Nimewasikia jamaa, watu wema kabisa, wakisema: “Amka, acha uvivu, wenzako wako kazini.” Jamani, mtazameni mikono inavyotetemeka akishika kikombe! Dawa nyingi za maradhi haya huleta usingizi mzito, kinywa kukauka na kutetemeka. Mwulizeni amelalaje, mmsikilize mpaka amalize, kisha mmsindikize kliniki siku ya miadi. Dawa zikimsumbua amwambie daktari, asiziache kimyakimya.

Tena msimjadili pembeni. Huko Tornio, Ufini, tangu miaka ya 1980 wahudumu wamekuwa wakiwakutanisha jamaa na mgonjwa mwenyewe, ikiwezekana ndani ya saa 24 baada ya kuombwa msaada, na mambo yake huamuliwa akiwepo. Hilo hata ninyi mnaliweza.

Akisema haoni sababu ya kuishi, mwulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo hilo kichwani. Asiachwe peke yake, dawa na vitu vya hatari viondolewe karibu naye, na mmoja wenu ampeleke hospitali siku hiyohiyo.

Ni mimi mzee wenu.