Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na wengine wote habari za saa hizi.

Ndugu wanachama, shughuli za kawaida nazipitia haraka maana mnazijua. Vikao 4 badala ya 6, darasa la kuinstoli Linux (mfumo endeshi wa kompyuta) kwa wanafunzi mara 2, seva yetu ya bakapu, ile kompyuta ya kuhifadhi nakala za mafaili, imefanya kazi mwaka mzima isipokuwa zile siku 4 za Julai, na kelele zote zimeanzia hapo, kwa hiyo ngoja niliseme hilo.

Mnanilaumu kwa mawili: 2024 niliiweka seva kwenye bcachefs (mfumo wa mafaili, yaani namna ya kupanga data kwenye diski), na Julai nikaitoa bila kikao. Yote nilifanya mimi na sababu ninazo.

Bcachefs ilikaa nje ya kerneli, yaani kiini cha Linux, miaka mingi, mtengenezaji wake Kent Overstreet aliitangaza 2015, ikaja kuingia rasmi kwenye kerneli 6.7 Januari 2024. Ilikuwa inatupa vitu ambavyo ext4, mfumo wa mafaili wa kawaida wa Linux, haina, yaani kugundua data iliyoharibika kimyakimya, kubana mafaili, na snapshoti (nakala ya mafaili yalivyokuwa wakati fulani). Kwamba bado ilikuwa na alama ya majaribio niliwaambia, kumbukumbu za kikao zipo.

Kilichoitoa kwenye kerneli sio ubovu wa msimbo. Kerneli ina utaratibu wake, wiki 2 za kupokea mambo mapya halafu wiki kama 7 za kurekebisha tu. Overstreet alikuwa anatuma na vitu vipya katikati ya wiki za kurekebisha, akisema watu wanaookoa data zao hawawezi kusubiri toleo lijalo, na Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux na msimamizi mkuu wa kerneli, akashikilia kwamba utaratibu ni wa wote. Mimi nawaelewa wote wawili kabisa. Lakini Juni 2025 Torvalds alipoandika kwamba anaona yeye na Overstreet wataachana kwenye kerneli 6.17, sikuona cha kusubiri.

Wengine mlisema nina haraka, moduli ya nje (kipande kinachoongezwa kwenye kerneli bila kuwa sehemu yake rasmi) ingetosha. Jamani, mfumo wa mafaili ulio nje ya kerneli maana yake kila kerneli ikipanda toleo unaukompaili upya, yaani unaujenga tena kutoka kwenye msimbo, kwa sababu mambo ya ndani ya kerneli yanabadilika kila mara na hakuna anayeahidi kuyatunza kwa ajili ya walio nje. Siku ikigoma, seva inawaka lakini diski hazifunguki, na ataamka nani saa nane usiku? Walioahidi kuja kusaidia kuhamisha walikuwa 9, tukakopi mafaili mimi na katibu peke yetu siku zote 4.

Nilichagua XFS, mfumo mwingine wa mafaili. Nao ulitoka nje, ulikuwa mali ya kampuni ya SGI kwenye mfumo endeshi wake IRIX, ukaingia Linux 2002, na leo unatunzwa na watu wa makampuni tofauti, akiondoka mmoja wengine wapo. Hilo ndo lilinifanya niamue. Snapshoti, kubana mafaili na kugundua data iliyoharibika tumevipoteza, nakubali, na inaniuma kwa sababu mimi ndo nilivipigania. Ila Agosti bcachefs ikawekewa alama kwamba inatunzwa nje, na kerneli 6.18 ikatoka Novemba bcachefs haimo kabisa. Sisi tulishahama na hakuna faili hata moja lililopotea.

Na hilo la kikao, niliitisha mara 3. Akidi ni watu 22, walijibu 6. Kama wanaolalamika leo wangejibu siku ile, tungeamua pamoja.

Ada sasa. Tuko 64, ada 30,000, waliolipa 27, zimeingia 810,000 na zinadaiwa 1,110,000. Matumizi: diski mbili 520,000, umeme na intaneti 230,000, chai na kuchapa 45,000, salio 15,000. Nauli na muda wangu wa Julai sikudai. Kuna watu wanatumia seva kila wiki na hawajalipa tangu 2023, majina mweka hazina anayo, sitayasoma hapa.

Mwakani tukijaliwa tunataka mashine ya pili ikae nyumba nyingine, na pengine turudie kujaribu bcachefs kama moduli kwenye kompyuta ya pembeni isiyo na data za watu, akipatikana wa kuisimamia. Muda haujapangwa. Kikao cha kwanza kina uchaguzi wa katibu, yeye amechoka na ameomba apumzike, kwa hiyo naomba mje na jina.