Shosti, kabla hujafunga begi

Shosti wangu, mambo? Za huko Ujerumani? Huku tupo, joto la Dar linatumaliza, watoto wazima, Mama Jei anakusalimia na bado anauliza harusi lini, nimemwambia akupigie mwenyewe mimi simo. Najua nimekaa kimya mpaka umenitangaza kwenye grupu, nimeona yote, ila leo nina shida kwa hiyo ununaji uweke pembeni kwanza.

Ni hivi, zile shanga za sumaku za kusafishia protini zimefika. Za nikeli, ile inayoshika mkia wa histidini tunaoibandikia protini, kichupa chenyewe ukikifumba mkononi hakionekani na bei yake nikikutajia utatafuta kiti. Shanga zimekuja, kibao cha sumaku cha kusimamishia tyubu hakijaja. Aliyeandika oda aliona bei ya kibao akasema sumaku ni sumaku tu, itapatikana. Ikapatikana kweli, sumaku ya spika mbovu kutoka kwa fundi redio! Unaweka tyubu pale unasubiri, unasubiri, maji bado ya kahawia, ukinyonya na pipeti unaondoka na shanga zenyewe, hela ya watu inaenda kwenye ndoo ya taka huku unaiangalia.

Siku moja nikaazima kibao cha majirani wa ghorofa ya juu, kile chenye sumaku kali ya neodimiamu, aisee. Nimeweka tyubu, kabla sijamaliza kuandika kwenye daftari ile kahawia yote imehama imeganda ukutani upande mmoja, maji meupe pee. Unanyonya, unatia bafa ya kuoshea, unatoa tyubu kwenye sumaku unaigeuza geuza, shanga zinaachiana zenyewe, unarudisha tena. Hakuna sentrifuji, hakuna kukodolea kolamu inayodondoka tone tone mpaka saa ya daladala inapita. Dokta akashangaa kwa nini zikitolewa hazibaki zimeng'ang'aniana, nikamweleza chembe za oksidi ya chuma zilizomo ni ndogo mno, usumaku wake upo pale tu sumaku ikiwa karibu. Basi sasa kila mgeni akija Dokta anampa historia ya shanga, yule Mnorwe Ugelstad wa Trondheim na vitufe vyake vya plastiki vya miaka ya 1970 vilivyotoka vyote saizi moja. Mgeni mwenyewe kaja kurekebisha AC.

Tatizo ni kwamba bosi naye amenogewa. Anataka ile antijeni yetu, miligramu 20, itoke yote kwa shanga! Shosti, wewe unajua, shanga unazotia kwenye tyubu moja zinabeba mikrogramu, wakati resini ya kawaida, ile ya kujaza kwenye kolamu, mililita moja tu inaweza kubeba hata miligramu 50. Shanga ni za pale una koloni za bakteria chungu nzima na unataka kujua ipi inatoa protini, tyubu zote kwa pamoja, mchana una jibu kwenye jeli, ile inayopanga protini kwa ukubwa. Ukishampata mshindi unarudi kwenye kolamu. Nimesema kwenye kikao, nimesema kwenye ngazi, anaitikia eeh eeh halafu anauliza tuagize kichupa kingine lini. Sasa hapo unafanyaje.

Na kingine, kijana wetu mmoja alitia vidonge vya kuzuia protini isiliwe, vile vyenye EDTA. EDTA si inang'oa nikeli? Kwenye resini ungeona, ile bluu inapauka unajua mambo yameharibika. Kwenye shanga huoni kitu, kahawia ni kahawia tu, mpaka jeli itoke na protini yote imelala kwenye yale maji ya kwanza ya kumwaga. Nimebandika karatasi kwenye friji, EDTA MARUFUKU, na chini yake USIGANDISHE SHANGA, maana yupo mwingine alitaka kuziweka kwenye friza "zisiharibike". Nikigeuka tu mgongo...

Lakini kilichonifanya niandike ni kibao. Uliwahi kusema huko kwenu wakihamia mashine mpya vitu vya zamani vinawekwa korido yeyote achukue. Kama kipo cha tyubu za mililita 1.5, hata kimevunjika pembe, hata cha kizamani, nakiomba. Nacho usikibebe ovyo ovyo, watu wa ndege hawapendi sumaku kali, waulize kwanza, na usikiweke karibu na kadi zako za benki. Majirani wa juu wameshaanza kufunga mlango wakisikia sauti yangu.

Halafu nisaidie na hili, kwenye jeli kuna mstari unanifuata pale karibu na kilodaltoni 25, kila safari. Nahisi ni SlyD, protini ya bakteria E. coli wenyewe, ina histidini nyingi inashika nikeli bila kualikwa. Naosha na imidazoli, ile inayoshindana na histidini kwenye nikeli, milimola 20, natolea protini na 250. Nikipandisha ya kuosha mpaka 40 sitaipoteza ya kwangu? Nyie mnatumia ngapi? Au mlihamia kobalti badala ya nikeli? Shanga mnazirudia mara ya pili au mnatupa? Na bosi wako alikuelewa vipi ulipomwambia habari ya resini, au ulinyamaza tu?

Unakuja Desemba kweli au ni maneno? Yule wa Morogoro bado mnaongea? Nijibu hata kwa voisi, nitasikiliza kwenye daladala.