Taarifa ya mwaka 2025 ya mwenyekiti kwa wanachama wa chama chetu cha wasema Kiswahili, Uppsala, Uswidi

Ndugu wanachama, wakubwa shikamooni, vijana mambo vipi. Katiba yetu inataka mwenyekiti aandike taarifa kabla ya årsmöte (mkutano mkuu wa mwaka) na mwezi wa tatu ndo huo unagonga mlango, kwahiyo hii hapa, isomeni mapema mje na maswali sio mnakuja kuisomea kwenye kiti huku mnakula sambusa. Mahesabu atayasoma mweka hazina na mkaguzi atakuwepo, mimi hela sitazigusa sana isipokuwa ile ya ada ambayo ntaisema huko mbele maana kuna watu wanajijua.

Sherehe zilienda vizuri na hazina maneno mengi. Valborg, sikukuu ya kukaribisha masika, tarehe 30 Aprili tulikuwa pale mtoni Fyris kama mji mzima, tukawacheka wanafunzi wanavyopinduka majini na vile vyombo vyao vya kujitengenezea, Midsommar, ile sikukuu ya katikati ya kiangazi, tukachoma nyama, mvua ikanyesha kama kawaida yake. Desemba tukaunganisha Uhuru ya tarehe 9 na Jamhuri ya Wakenya tarehe 12, halafu watoto wakawa na Lucia yao, ile sikukuu ya mishumaa, wiki nzima hakuna aliyepika kwake. Wakongo na Warundi wamelalamika kwamba siku zao, 30 Juni na 1 Julai, kila mwaka zinaangukia wakati watu wote wako likizo na hakuna anayezikumbuka, na ni kweli kabisa, kamati mpya iliangalie hilo.

Lakini sherehe sio kazi ya chama hiki, nimesema mwaka juzi na narudia. Kazi yenyewe iko Novemba mpaka Februari, Desemba jua linatoka karibu saa tatu asubuhi na kabla ya saa tisa alasiri limeshazama, mtu anaenda kazini giza anarudi giza, weekend anajifungia na simu anaongea na Dar ambako wako saa mbili mbele au Bujumbura saa moja mbele, na wenyewe wana mambo yao. Vitamini D tunameza wote, sawa, ila haifungui mlango. Ndo maana mwaka huu tulipanga kila mwanachama awe na watu wawili wa kuwapigia hodi, hodi kabisa ya mlangoni sio meseji, na hapo ndo tulipogundua kitu cha ajabu: sisi tumekuwa Waswidi kuliko Waswidi wenyewe. Unampigia mtu aliyezaliwa Mwembechai simu, unamwambia niko chini hapa nifungulie, anakujibu “ungenambia wiki iliyopita bana, tupange”. Tupange nini jamani, nimekuja kunywa chai! Kuna wawili hawakufungua kabisa na taa zilikuwa zinawaka, sitataja. Ila waliofungua walifungua kweli, na dada mmoja wa mtaa wa Gottsunda alisema tangu ahamie pale hakuna mtu aliyekaa kwenye kochi lake zaidi ya fundi wa intaneti.

Huyo huyo dada ana stori ambayo nimemwomba ruhusa niiweke hapa, maana kila mkutano watu wananiambia Waswidi hawana urafiki. Aliweka nguo tvättstuga, chumba cha kufulia cha jengo zima ambacho watu wanabuku muda, akapitiliza muda wake, na lile pamba la vumbi kwenye mashine ya kukaushia hakulitoa. Akakuta karatasi imebandikwa mlangoni pale, mnazijua zile karatasi, inaanza na Hej! (habari) yenye alama ya mshangao na inaishia Mvh (wasalaam) bila jina, katikati umetukanwa kwa adabu. Wengi wetu hapo tungechana karatasi tukaenda kulalamika kwenye grupu. Yeye akauliza kwa jirani wa chini, aliyebuku muda unaofuata ni nani, akaambiwa ni mama fulani, akakaanga maandazi, akayaning'iniza kwenye kitasa cha yule mama na kikaratasi cha förlåt, yaani samahani. Kimya. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya, akasema basi nimemtisha bibi wa watu. Halafu siku moja anarudi kazini anakuta mfuko kwenye kitasa chake, kanelbullar, vile vimikate vya mdalasini, za kuoka nyumbani, na safari hii karatasi ina jina na namba ya simu. Sasa hivi wanakunywa kahawa kila Alhamisi, saa 14.00 kamili, na imeandikwa kwenye kalenda. Mimi maoni yangu ni haya: hawa watu urafiki wanao ila wanaupitishia kwenye ratiba, kwenye kwaya, kwenye kozi, kwenye kuokota uyoga msituni, huwezi ukakaa kituo cha basi ukasubiri mtu akuongeleshe. Ukijiandikisha mahali ukawa unafika kila wiki, mwaka wa pili utaalikwa nyumbani. Mwaka wa pili, ndio. Vumilieni.

Kuhusu msiba. Mwezi wa pili mwenzetu alifiwa na mama yake Tanga na hakuweza kusafiri, ruhusa yake ya kukaa ilikuwa inashughulikiwa upya na akaogopa akitoka atakwama huko. Matanga tukayaweka kwake, chumba kimoja na sebule, ghorofa ya tatu. Tulibandika tangazo kwenye lifti kwamba kuna msiba, kutakuwa na watu wengi na sauti, samahani. Viatu huwezi kuviacha kwenye ngazi, sheria ya moto, mwenye nyumba anakuandikia barua, kwahiyo viatu vyote vikaenda kwenye beseni la kuogea, vimerundikana mpaka juu, na kila anayetoka anachukua dakika kumi anatafuta kiatu cha kulia. Usiku wa pili akaja mzee wa ghorofa ya juu na maua mkononi, kasimama mlangoni hajui kama aingie au atoe tu maua aondoke, mama mmoja wa Bukavu akamshika mkono akamkalisha, akapewa wali na maharage, akakaa mpaka saa nne. Hakusema mengi. Na sisi hatukumuuliza mengi.

Hilo limetufanya kamati tuongelee jambo ambalo watu wanalikwepa, yaani mmoja wetu akifia hapa hapa. Kila aliyeandikishwa hapa kama mkazi analipiwa kaburi la miaka 25 kupitia ile ada ya mazishi mnayokatwa kwenye kodi, hilo liko sawa, lakini kusafirisha mwili nyumbani hakumo, na mazishi hapa yanatakiwa yafanyike ndani ya mwezi mmoja. Tukianza kuchangishana siku hiyo hiyo, kwa Swish (kutuma hela kwa simu), huku waliokuja juzi hawana hata personnummer (namba ya mkazi) wala BankID (kitambulisho cha kwenye simu), tutaaibika. Tunapendekeza mfuko wa msiba wenye akaunti yake. Benki ya kwanza tuliyoiendea imetuzungusha miezi, leo lete protokoli (kumbukumbu za mkutano), kesho lete nyingine yenye sahihi, keshokutwa wanauliza hela zinaenda nchi gani, mwisho wakakataa bila sababu. Tunajaribu kwingine.

Na hapo ndo naingia kwenye ada. Wanaokula ni wengi kuliko wanaolipa. Kwa leo naishia hapo.

Kiswahili cha watoto: madarasa ya Jumamosi tunapewa chumba na chama cha elimu kama studiecirkel (kikundi cha kujisomea), ila serikali imeanza kupunguza ruzuku za vyama hivyo tangu 2024, kwahiyo chumba cha bure msikizoee. Lakini shuleni haki ipo, manispaa inatakiwa kufundisha lugha ya nyumbani wakipatikana watoto watano na mwalimu anayefaa, na watoto watano hapa Uppsala tunao hata kwenye ngazi moja ya Gottsunda. Tatizo wazazi hamjazi fomu. Mnasema mtoto anajifunza nyumbani, wakati nyumbani mnamwambia skynda dig, harakisha kwa Kiswidi.

Mimi niko tayari kuendelea mwaka mmoja tena kama mkiamua, ila katibu anahamia Göteborg na nafasi yake iko wazi, anatakiwa mtu anayejua kuandika protokoli na asiyekasirika haraka. Mkutano ni Jumamosi ya mwisho ya Machi saa 15.00, yaani saa tisa alasiri, na usiku wake saa zinasogezwa mbele kwahiyo wenye shifti ya Jumapili asubuhi waangalie. Pilau analeta mama Bukavu, vinywaji kila mtu aje na vyake, na chumba tunakirudisha saa 19.00 kikiwa kimedekiwa.