Zile ndevu haziui miti

Bwana Mhariri,

Jirani yangu hapa Kadutu, fundi seremala, anaapa kwamba ndevu zinazoning'inia kwenye miti ya mipodo ya mlima Kahuzi (mita 3,308) ndizo zinazoikausha. Sivyo. Ni kuvumwani: kuvu na mwani vinavyoishi pamoja, kuvu ikijenga nyumba, mwani ukipika chakula kwa mwanga wa jua. Hazina mizizi ya kunyonya mti. Maji zinapata kwenye mvua na ukungu. Niliokota tawi lililoanguka, nikavuta uzi mmoja taratibu: ganda la kijivu likakatika, ndani ukabaki uzi mweupe unaovutika kama mpira. Fundi alinyamaza, jambo la nadra. Hewa chafu ndiyo hazivumilii. Mvoka (mparachichi) wangu, unaofukizwa na babula (majiko) tatu za makala (makaa), hauna hata unywele.

Mwalimu mstaafu, Bukavu